Kigoda Kilichotolewa Bure

Jua lilikuwa limebakiza upande mdogo tu juu ya mabati ya soko wakati Priska alipobonyeza kengele ya geti la Mzee Rohit. Alikuja kumalizia kazi. Kimebaki kitu kimoja, mzee alimwambia kwenye simu, na angeshukuru kama angekifuata jioni hiyohiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Makumbusho mapya yaliyokuwa yakiandaliwa mjini yalimpa Priska mkataba wa miezi sita, na kwa wiki tatu alikuwa akija nyumbani kwa mzee kuorodhesha vitu alivyokubali kuvitoa. Mzee Rohit alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli tangu ujana wake. Miaka arobaini aliingia vijijini na pikapu kuuza tairi na minyororo, akarudi na vibuyu vya maziwa, mazeze, ngoma, mikuki, mawe ya kusagia. Vyumba vitano vilijaa. Chumba cha sita alilala mwenyewe.

Fomu ya Priska ilikuwa na mstari unaouliza: *Kilikusanywa kwa sababu gani?* Siku za mwanzo mzee alijibu kama anayehojiwa redioni. Utamaduni, alisema. Vizazi vijavyo. Kisha siku moja, alishika kibuyu kilichoshonwa kwa ngozi, akakigeuzageuza.

"Baba yangu alishuka melini na shati alilovaa," alisema. "Nyumbani kwetu hakukuwa na kitu hata kimoja cha babu. Hata kijiko. Mimi nikiingia nyumba ya Mgogo naona mtoto anakunywa kwenye kibuyu alichonywea bibi wa bibi yake. Niliona wivu, binti yangu. Andika wivu."

Priska hakuandika wivu. Aliandika *thamani ya kiutamaduni*, akaenda kwenye kitu kinachofuata.

Jioni hii mzee alifungua geti mwenyewe. Hakukuwa na mlinzi wala mpishi. Priska alishazoea kuiona nyumba ile kubwa haina mtu. Alijua kidogo kidogo: mama Urvashi, mke wake, alikwenda Uingereza kumtembelea binti yao Sushila, akafia hukohuko. Sushila mwenyewe hajaja miaka kumi na miwili. Kila mwaka hukata tiketi, kila mwaka hutokea jambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo huku."

Alimpeleka chumbani kwake, hadi mlangoni. Kando ya kitanda palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja, cheusi kwa kukaliwa.

"Hiki hakimo kwenye orodha," Priska alisema.

"Hiki hakiendi makumbusho. Kule kitapokelewa na karatasi." Mzee alikiinua. "Hiki nakupa wewe. Umenisikiliza wiki tatu. Kipokee kwa mikono miwili."

"Mzee, haturuhusiwi kupokea..."

"Ni zawadi ya mzee kwa mtoto wake. Sema umekipokea."

Priska alicheka. Alikipenda, huo ndio ukweli. Alikipenda tangu alipokiona. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimekipokea, mzee. Asante."

Mzee Rohit alikiachia. Alimwangalia kwa namna ambayo Priska aliikumbuka baadaye mara nyingi... macho yamejaa maji, lakini mdomo umefungwa kama wa mtu anayezuia kitu kisitoke. Hakumkaribisha chai. Alimsindikiza hadi getini akitembea haraka kuliko umri wake, na Priska alipogeuka kumuaga, alisikia komeo likishuka.

Kwenye bajaji alikipakata kigoda mapajani.

Kilikuwa na joto. Alidhani ni la mikono ya mzee.

*

Priska aliishi mtaa wa Area D na mdogo wake Devota, mwanafunzi wa chuo. Walipanga nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule. Kigoda akakiweka sebuleni, karibu na mlango, mahali palipoonekana vizuri.

Devota alikikalia usiku uleule wakila. Hakumaliza tonge la kwanza, akaruka.

"Dada, nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna."

"Kina joto. Kama mtu ameinuka sasa hivi."

Wakacheka. Devota akahamia kwenye mkeka.

Kesho yake jua lilipozama, walisikia sauti. Ilikuwa ndogo, karibu sana, kama mtu anakwangua chungu kwa mwiko.

Kwaruu... kwaruu... kwaruu...

"Majirani wanakula mapema," alisema Devota.

Lakini harufu iliyokuja haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya chungu kikavu kilichobandikwa motoni bila kitu ndani.

Wiki iliyofuata Devota alikwenda Singida kwa mafunzo ya vitendo. Ilikuwa safari ya wiki tatu. Zilipoisha hakurudi. Alipiga simu kusema atakaa kwa rafiki yake kwa muda.

"Una tatizo gani?" Priska aliuliza.

"Sina."

"Nimekukosea?"

"Hapana, dada. Sijui. Nimefika stendi mara mbili na begi langu. Nikikaribia basi, miguu inakataa."

Lameck ndiye aliyefuata. Huyu alikuwa mchumba wake, karani katika wizara moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, mwanaume wa maneno machache asiyekosa ahadi. Posa ilikuwa imepangwa. Jumapili mbili mfululizo alisema atakuja, hakuja. Jumapili ya tatu Priska alimpigia.

"Nimefika mpaka kona yenu," Lameck alisema polepole, kama mtu anayeona aibu. "Nikaiona nyumba. Nikaona kama... kama nyumba iliyohamwa, Priska. Nikageuza."

"Taa ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimepika."

"Najua. Niliiona taa."

Baada ya hapo simu zikapungua, halafu zikakoma. Jumuiya ya kanisa husali nyumba kwa nyumba kwa zamu, na zamu ya nyumba yake ilirukwa bila mtu kusema neno. Mama muuza maandazi wa pale kona, aliyekuwa akimwita mwanangu, sasa alimhudumia akitazama pembeni. Hakuna aliyemchukia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angepata wa kugombana naye angegombana. Watu walikuwa wanamtoka taratibu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondoka alionekana kushangaa mwenyewe.

Jioni zikawa ndefu. Alikuwa akirudi, anapika ugali wa mtu mmoja, anakula akisikiliza ile kwaruu. Alishaacha kujidanganya kuwa ni majirani. Na mwili wa binadamu una mambo yake: alianza kuizoea. Siku moja alijikuta amechelewa kazini na anaharakisha kurudi, kana kwamba kuna mtu anamsubiri.

Ndiyo jioni aliyokuta umeme umekatika.

Alifungua mlango. Giza lilikuwa bado jepesi, la saa moja kasoro. Alivua viatu. Alikuwa amefunga mlango na kuweka mkoba chini alipogundua kuwa kwaruu haipo.

Kimya.

Kisha pumzi. Nyembamba. Ya mtu mzee sana. Ilitoka chini, usawa wa kiuno chake, pale kigoda kilipokuwa.

"Umekuja peke yako?"

Ilisemwa kwa Kigogo. Kigogo cha zamani, cha bibi yake Priska aliyemlea kule Mpwapwa, ila kikavu kama majani ya mahindi. Na Priska, kwa malezi tu, kwa yale mazoea ya kumjibu mtu mzima, akajibu.

"Ndiyo, bibi."

"Na wao?"

Hapo akili ikamrudia. Alitoka nje bila viatu, akakaa kwenye ukuta wa uzio mpaka umeme uliporudi. Hakuwa na hata mtu mmoja wa kumpigia.

*

Mzee Rohit alikuwa ametoa pia daftari lake la kumbukumbu, na daftari lilikuwa kazini, kwenye kabati. Asubuhi Priska alilipekua ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikuwa na maelezo: kijiji, jina la mwenyewe, alichompa badala yake. Tairi mbili. Taa ya dinamo. Karibu na mwisho, mwaka ambao mama Urvashi alisafiri, aliona mistari hii:

*Kigoda. Mama yake Loisi, ng'ambo ya reli, baada ya Ihumwa. Amenipa bure. Nimempa kanga, amekataa. Nimempa sukari, amekataa. Alikimbia nyuma ya pikapu mpaka relini. Nilidhani anaaga.*

Chini yake, kwa wino mwingine, mkono ukiwa umezeeka: *Alikuwa anahakikisha sikishushi.*

Siku hiyo aliomba ruhusa mapema. Alipita nyumbani, akakifunga kigoda kwenye kanga, akapanda gari la Ihumwa, kisha akavuka reli kwa miguu. Aliuliza njia mara mbili. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa ya matofali, pembeni yake pakiwa na tembe la zamani, paa lake la udongo limebonyea katikati. Ua wote ulijaa watu. Wanawake walikuwa wanapeta uwele, watoto wanakimbizana, kijana anatengeneza redio. Priska alisimama akatazama ule umati wa kawaida.

Mwanamke wa miaka kama sabini alikuja kumlaki, akitabasamu. Kisha akaona umbo lililo ndani ya kanga.

Tabasamu likafa.

"Ingizeni watoto ndani," alisema bila kugeuka. "Wote. Fungeni mlango."

Huyo ndiye alikuwa Loisi. Hakumkaribisha Priska kiti. Alimpeleka mbali, mpaka penye kichaka cha minyaa mwisho wa shamba, na alitembea upande ambao upepo ulitoka.

"Umekipokea kwa mikono yako?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Sikujua."

"Hakuna anayejua." Loisi alikaa chini, mbali kidogo. "Mimi niliondoka hapa msichana, nikaenda Morogoro kuuza chakula. Nilikuwa narudi kila mavuno. Halafu bibi, aliyekuwa akiishi peke yake, akafa, kigoda kikamshukia mama, na mimi sikurudi miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja, mwanangu. Kaka zangu vilevile. Mama alikuwa mzima, hapa, tuna nauli, na hakuna aliyekuja. Nilikuwa najiuliza mimi ni mtu wa namna gani."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi moja ninaosha vyombo, nikasikia moyo umefunguka. Pwaa. Niliacha maji yanachuruzika. Nilifika hapa kesho yake, nikamkuta mama kasimama pale relini, miguu imejaa vumbi. Akaniambia, Mhindi wa baiskeli amekichukua. Jana." Loisi alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Watu wa mjini mnakuja na magari mnasema mnakusanya vitu vyetu visipotee. Vingine tulikuwa tunavitafutia wa kuvichukua."

Priska alitazama kile kitu mikononi mwake.

"Ni nani anayekaa hapa, mama?"

Loisi alitazama lile tembe. Alisema kwa sauti ya chini, maneno yakimtoka kama mtu anayepita kwenye miiba.

Ilikuwa wakati wa njaa kubwa, ile ya zamani, watu walipokula ngozi za viti. Familia ya hapa ilibaki na mama mzee asiyeweza kutembea. Asubuhi moja watoto wake na wajukuu walifunga mizigo kwenda kutafuta chakula. Wakamtoa mzee, wakamkalisha mlangoni juu ya kigoda chake, wakamwekea chungu kando. Kitupu. Wakamwambia, tutarudi jua likizama, tutakula wote.

"Wakaenda. Katoto kamoja tu ndiko kaliokotwa njiani na wamisionari, ndiko kametuzaa sisi. Wengine hawakuonekana tena. Miezi ikapita, mtu mmoja akapita hapa, akakuta kigoda mlangoni. Chungu kimekwanguliwa mpaka kimetoboka. Yeye mwenyewe hakuwepo. Hata mfupa."

Upepo ulivuma kwenye minyaa.

"Anawasubiri," Loisi alisema. "Na anayekaa naye, anasubiri pamoja naye. Watu wake hawarudi, kama wa yule mama mzee walivyokuwa hawarudi. Ukikitupa kitatangulia kufika nyumbani. Ukikichoma hakiungui. Mpaka mtu akipokee kwa hiari yake."

Priska alimtazama. Akakinyoosha kigoda kidogo kuelekea kwake.

Loisi aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili, mikono ameificha nyuma.

"Nina wajukuu tisa mle ndani," alisema. "Mrudishie aliyekupa. Nisamehe, mwanangu."

*

Alifika kwa Mzee Rohit jua linazama. Geti lilikuwa wazi.

Taa ziliwaka kila chumba. Gari la kukodi limeegeshwa uani. Harufu ya bizari na vitunguu vinavyokaangwa ilijaa mpaka barabarani, na ndani mtu alikuwa akicheka, mwanamke, kicheko kinachopanda na kukatika. Priska alisimama kwenye kizingiti cha geti na kigoda chake kama mtu aliyefika kwenye harusi isiyo yake.

Mzee Rohit alimwona kupitia dirisha. Alitoka polepole, amevaa shati jipya. Alipofika karibu alikuwa hana rangi usoni.

"Amekuja," alinong'ona. "Sushila. Wiki iliyopita. Na watoto."

"Ulijua, mzee."

"Nilijua mwaka wa tatu. Urvashi ananipigia analia, anasema nataka kurudi, siwezi kuingia uwanja wa ndege. Akafa anasema hivyohivyo." Alishika nondo ya geti. "Nilitafuta wa kumpa. Lakini nani? Watu ndio hawaji. Halafu ukaja wewe na fomu zako. Kila siku unakuja. Kila siku."

"Mimi pia nina watu wangu."

"Najua."

"Nina mdogo wangu. Nina mchumba."

"Najua, binti yangu. Mungu ananiona." Machozi yalimtoka bila sauti. "Wanaondoka mwezi ujao. Kiweke mpaka waondoke. Halafu niletee, nitakipokea. Mimi nimezoea. Mwezi mmoja tu. Sijawahi kuwaona wajukuu zangu wakila."

Priska hakujua kama anamwamini. Hakupata muda wa kuamua. Msichana mdogo alitoka mbio uani, nywele za misuko miwili, miguu mitupu, akasimama katikati yao. Alitazama kanga iliyofunuka, akaona mguu mweusi uliochongwa.

"Nana, nini hii? Ya mimi?" alimuuliza babu yake kwa Kiswahili cha kujifunza juzi. Akanyoosha mikono. Yote miwili. "Nipe. Mimi nachukua."

Mzee Rohit aling'ang'ania nondo ya geti.

Kilikuwa kizito, kile kigoda. Kilikuwa hakijawahi kuwa kizito namna ile. Na vile viganja viwili vidogo vilikuwa wazi chini yake, vinangoja. Priska aliona jinsi ingekuwa rahisi. Angelegeza vidole tu. Devota angerudi kesho. Lameck angepita ile kona.

Alikivuta kigoda kifuani kwa nguvu mpaka mguu mmoja ukamchoma ubavu.

"Hapana, mama," alimwambia mtoto. "Hiki ni changu."

Akageuka, akaondoka. Nyuma yake alimsikia mzee akilia sasa kwa sauti, na Sushila akitoka kuuliza kuna nini.

*

Nyumbani hakuwasha taa. Alikiweka kigoda mahali pake, karibu na mlango, naye akakaa sakafuni mbele yake. Aliogopa mpaka meno yaligongana. Lakini alikuwa amechoka kuliko alivyoogopa.

Kwaruu... kwaruu...

Harufu ya chungu kikavu.

"Bibi," alisema kwa Kigogo.

Sauti ikasimama.

"Bibi, jua limezama."

Pumzi. Karibu sana, ikimgusa paji la uso, baridi.

"Wamekuja?"

Priska alifikiria wanawake wote waliokaa mbele ya kigoda hiki, na yule mzee wa baiskeli, miaka na miaka. Walikikimbia, walikificha, walikigawa. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumjibu.

"Hawarudi, bibi," alisema. "Walikwenda mbali. Walikufa njiani, zamani sana. Hawarudi."

Nje mbwa wa mtaa wote walinyamaza.

"Walikula?" ikauliza ile sauti. "Njiani. Walipata kula?"

Priska alishindwa kuzuia machozi.

"Sijui, bibi."

Kitu kikainuka. Alisikia magoti yakilia, moja, halafu la pili. Alisikia kiganja kikavu kikipita juu ya nywele zake, taratibu, kama vile bibi wa Mpwapwa alivyokuwa akifanya. Komeo la mlango likajivuta lenyewe. Hewa ya nje iliingia. Nyayo zikaburuzwa uani, zikaelekea barabarani, zikapotea.

Alipopata ujasiri wa kukigusa kigoda, kilikuwa baridi. Chepesi kama gamba.

*

Saa mbili asubuhi simu yake ililia.

"Dada!" Devota alikuwa anapiga kelele, basi likinguruma nyuma yake. "Nimepanda! Sijui nilikuwa na wazimu gani. Nakuja. Nitapita chuoni kwanza, jioni niko hapo."

Priska alicheka mpaka akakaa chini. Mchana akaja Lameck. Alisimama mlangoni amebeba kuku na mfuko wa mchele, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kitu. Hakuwa na la kujieleza naye Priska hakumdai. Alimkumbatia hapohapo mlangoni, majirani wakiangalia. Mama wa maandazi alipita akamwita mwanangu.

Walipika pamoja. Lameck alichinja kuku, Priska akasonga, redio ikiimba. Alijaribu kumsimulia, akaishia katikati, kwa sababu mbele ya sufuria inayochemka na mwanaume anayemenya vitunguu saumu, jambo lenyewe lilionekana halina mahali pa kukaa. Wakaamua wamngoje Devota ndipo wale.

Jua likazama.

"Hodi."

Lameck akainuka. "Huyo Devota."

Priska alimdaka mkono. Haikuwa sauti ya Devota. Ilikuwa ya mwanaume, nzito kwa vumbi, na ilisalimu tena, mara hii kwa Kigogo.

"Mbukwenyi."

Nyuma ya sauti ile palikuwa na nyingine. Kikohozi cha mtoto. Mwanamke akinong'ona. Nyayo zikikanyaga changarawe, nyingi, za watu waliotembea siku nyingi sana.

"Ni akina nani?" Lameck aliuliza.

Priska alitikisa kichwa.

"Tumechelewa," sauti ikasema nje ya mlango. "Njia ilikuwa ndefu. Tumemfuata mama. Yupo?"

Priska alisogea karibu na mlango.

"Hayupo," alijibu. "Ameondoka. Jana."

Mtoto yule akakohoa tena. Halafu mwanamke akaanza kulia, kilio cha chini, cha mtu asiye na nguvu ya kulia.

"Amekwenda wapi?"

"Hakusema."

Kisha ikaja sauti ya mizigo ikiteremshwa. Mmoja. Mwingine. Mwingine... Kitu kizito kikaegemezwa kwenye mlango, ubao ukalia kidogo. Wanakaa.

"Basi," alisema yule mwanaume, "tutamsubiri hapahapa."

Lameck alikuwa amemshika Priska mabega yote mawili, hakuelewa neno hata moja, lakini hakumwachia. Juu ya meza simu ikawaka. Ujumbe wa Devota.

*Dada nimeshuka, niko hapa kona. Mbona mlangoni kwetu watu wamejaa wamekaa chini? Kuna msiba?*